Debe la Shaame na Sheria ya Ikulu

Hapo zamani, masultani walipokuwa bado wakikalia viti vya enzi na kompyuta zimeshaanza kuingia mijini, alikuwako katika mji wa Kirungwi mtu mmoja jina lake Shaame. Mtu huyu alikuwa hana mbele wala nyuma, ila mdomo, na mikono isiyoweza kuona waya umekaa peke yake. Watu walimwita punguani, naye akawaitikia, kwa kuwa aliona uvivu kubishana nao.

Basi Sultani wa mji huo, Sultani Mahfudhi, alikuwa na mfumo wa kuendeshea kompyuta uliosifika bara na pwani. Mfumo huo ulikuwa mwepesi, hauzimiki ovyo, na ndani yake mlikuwa na kalamu ya kuchorea maua iliyowatia wazimu wapambaji wote wa maharusi. Ikulu iliuuza katika kisahani cha kutia kompyutani, pamoja na leseni. Na leseni ile ilikuwa ndefu, ndefu ya kuchosha, hata ikawa desturi ya watu wa Kirungwi kusema “nimekubali” kabla karani hajamaliza kupiga bismillahi. Hakuna aliyewahi kuisoma, wala mimi sitakudanganya kwamba ningeisoma.

Shaame alikinunua kisahani kwa halali yake, akasema “nimekubali” kama wenzake, akaenda zake. Lakini kompyuta za ikulu, zile zenye picha ya tausi mgongoni, alama ya kwamba zimeundwa ikulu, zilikuwa ghali kupita kiasi, na yeye hata angeuza nyumba asingefikia hata moja. Basi akaokota vyuma hapa, akaomba waya pale, akavipanga vyote ndani ya debe la mafuta ya kupikia, akatia feni ya kupoza, kisha akautia mfumo wa Sultani. Debe likaunguruma, likatetemeka, likawaka. Mkewe, Bi Somoe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka maharusi hina na piko, akakaa mbele ya debe akachora maua ambayo hayajapata kuonekana, na tangu siku hiyo nyumbani kwao wali ukawa haukosekani.

Ikawa siku moja Bi Somoe akaitwa kumpamba binti wa Waziri Badawi. Wanawake wakastaajabu, wakamuuliza maua yale ameyatoa wapi. Naye, kwa furaha ya kusifiwa, akaeleza kila kitu, na debe akalitaja, na feni akaiigiza inavyovuma. Mke wa Waziri akamhadithia mumewe, na mumewe hakulala na neno. Asubuhi askari wakawa mlangoni kwa Shaame.

Akapelekwa mbele ya Sultani, na leseni ikaletwa, na Kadhi akaisoma kwa sauti mpaka watu wakaanza kusinzia. Hata ilipofika katikati likatoka neno lenyewe, kwamba mfumo wa Sultani hauruhusiwi kukaa ila ndani ya kompyuta iliyoundwa ikulu, na kompyuta nyingine yoyote itakayokutwa nao itapondwa kwa nyundo. Waziri akaongeza la kwake, kwamba mwenye kompyuta hiyo naye afukuzwe mjini, ili iwe funzo. Shaame alijua kwamba pasipo debe hapana maua, na pasipo maua Bi Somoe atarudi kuponda majani ya hina ya watu wengine kwa ujira wa kisamvu.

Akajitetea kwamba mfumo hakuiba, aliununua. Akaambiwa kwamba hapana mtu aliyemuuzia mfumo pale, alichopewa ni ruhusa tu ya kuutumia, na mfumo ni wa Sultani milele. Sultani, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyechoka kukaa kitako, akataka kumchezea kidogo. Akasema, “Ewe Shaame, mimi nina huruma. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikiwa kabla ya adhana ya adhuhuri debe lako litakuwa limeundwa hapa ikulu, nitakusamehe. Ikiwa sivyo, litapondwa, nawe utatoka Kirungwi.” Barazani watu wakaangua kicheko, maana kitu kilichokwisha kuundwa kitaundwaje tena? Na Waziri ndiye aliyecheka kuliko wote, hata kilemba kikamwendea upande.

Shaame akarudi nyumbani amenywea. Bi Somoe hakulia, alikasirika. Akamwambia kwamba kama ni kupondwa, basi hao askari watapata bati tupu, vyuma vya ndani atavificha yeye mwenyewe ndani ya gunia la mkaa. Akamwekea bisibisi mkononi, akamwamuru afungue. Basi Shaame akafungua skrubu moja moja, huku akipumua kama mtu anayechinja mbuzi aliyemlea, mpaka debe likabaki wazi na vyuma vikatandazika mkekani. Bi Somoe akavitazama, akauliza katika hivi vyote kompyuta ni ipi. Shaame akajibu kwamba haipo, hivi ni vyuma tu. Kisha akaanza kucheka peke yake, na mkewe akadhani sasa upunguani umekuwa wa kweli.

Ijumaa asubuhi Shaame akafika lango la ikulu na kikapu kichwani. Askari wakamuuliza amebeba nini, akawaambia vyuma chakavu na debe tupu, nao wakachungulia wakaona ni kweli, wakampisha. Akaingia mpaka mbele ya kiti cha enzi, akaamkia kwa adabu, akatandika mkeka wake juu ya zulia la Sultani, akakaa, akaanza kuunda. Waziri akataka atolewe, lakini Sultani akainua mkono, kwa kuwa tangu mfungo uishe hakuwa ameona kitu cha kumfurahisha. Akateremka kitini akachuchumaa kando ya mkeka, akawa anauliza hiki ni nini na kile ni nini, na mwisho akaiomba bisibisi, akaikaza skrubu ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe, ulimi nje. Debe likaunguruma, likatetemeka, likawaka. Adhana ilikuwa bado.

Shaame akasema, “Bwana wangu, kompyuta hii imeundwa wapi?”

Sultani akatazama kuta, akatazama mkeka, akajibu, “Imeundwa ikulu. Nimeiona kwa macho yangu.”

Waziri akaruka. Akasema kwamba huo ni ujanja wa sokoni, kwamba debe halina tausi mgongoni, na kwamba kompyuta za ikulu huundwa na mafundi wa ikulu. Kadhi akaulizwa, akaifunua leseni, akasema imeandikwa iundwe ikulu, haikuandikwa na nani, wala tausi hakutajwa. Sultani akapendezwa, akataka hao mafundi wake waitwe, nao waje waone kazi ya mwenzao.

Waziri akakohoa. Akasema mafundi wako likizo. Akaulizwa wote? Akakohoa tena. Mwisho, jasho likimtiririka, akakiri kwamba ikulu haijawahi kuwa na fundi hata wa dawa. Kompyuta zote huja melini kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kuundwa, na watu wake hupangusa vumbi tu, wakabandika tausi.

Kadhi, ambaye alikuwa mtu wa kusoma mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba basi, kwa mujibu wa sheria, kompyuta halali katika Kirungwi ni hili debe peke yake, na nyingine zote ni za kupondwa, ikiwemo ya Sultani. Sultani akageuka akaitazama kompyuta yake pale mezani, ambamo alikuwa katikati ya mchezo wa bao, tena anakaribia kushinda. Uso ukamshuka.

Akauliza kwa sauti ndogo, “Shaame, nifanyeje?”

“Fanya kama nilivyofanya mimi, bwana wangu. Zifunguliwe zote, ziundwe hapa hapa. Sheria yetu ni moja.”

Sultani akamtazama, kisha akamtazama Waziri, kisha kicheko kikampanda mpaka akashika mbavu. Akaamuru fungu la sheria lile lifutwe siku hiyo hiyo, na Shaame arudi kwake na debe lake kwa amani, na Bi Somoe apelekewe doti za kanga kwa usumbufu aliopata. Lakini Waziri hakumfutia. Waziri akaambiwa avue joho, akae mkekani, azifungue kompyuta za ikulu na kuziunda upya kwa mkono wake, mpaka neno la tausi liwe kweli.

Nao waliopita ikulu baada ya hapo walimkuta Waziri Badawi amekaa kitako, skrubu zimebaki mkononi na hajui zimetoka wapi, na mtu akimuuliza kazi inakwendaje anajifanya hasikii.

Mimi hekaya yangu nimeimaliza. Anayeitaka aichukue akaisimulie kwao, akipenda kuikata aikate, akipenda kuitia chumvi aitie.