Ubao Usio na Unene

Wapendwa, kaeni. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo. Leo siwapeleki shambani wala kisimani, nawapeleka chuoni.

Alikuwepo binti mmoja aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo. Hawa ndio wanaochora nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Mwalimu wao aliwapa zoezi. Kila mmoja achukue karatasi moja, asiikate wala asiigundishe, aikunje tu mpaka isimame kama paa. Kisha alichore paa lile lile kwenye kompyuta. Mwisho alitengeneze kwa plaiwudi, kivuli cha kumtosha muuguzi, mzani na mama mmoja mwenye mtoto, maana kuna vijiji ambako kliniki hufanyika uwanjani, juani. Kazi ikiisha, paa lijikunje lote, lilale bapa, muuguzi alifunge nyuma ya pikipiki aende kijiji kingine. Lisilofunga halihesabiki. Na asiyefaulu zoezi hilo anarudia mwaka.

Binti alikuwa na akili. Aliikunja karatasi yake kwa urefu, akaikunja tena kwa upana, mikunjo ikapishana vizuri. Ukiifinya inalala, ukiivuta inasimama. Akaingia kwenye kompyuta akalichora. Akibonyeza, paa linajifunga polepole mpaka linabaki kama mstari wa kalamu. Akibonyeza tena, linafunguka. Darasa zima lilikuja kutazama.

Kijana wa meza ya jirani, mwenye maneno mengi, akamwambia, "Dada, lako linafunga kama bahasha. Langu mimi ni kama mdomo wa mama mkwe."

"Kwani unafungaje?"

"Haufungi."

Wakacheka. Kisha kijana akauliza, "Umelijaribu kwa kadibodi nene kwanza?"

"Ya nini? Kompyuta imeshakubali."

"Kompyuta haibebi mbao, dada."

"Wewe kafunge mdomo wa mama mkwe wako, mimi niachie kazi yangu."

Siku ya kuonyesha ikafika. Mwalimu alikuja, na muuguzi mmoja wa kliniki za vijijini alialikwa, akaegesha pikipiki yake nje. Binti alilifungua paa lake. Likasimama, na kweli lilikuwa zuri. Muuguzi akaingia chini yake, akanyoosha mkono juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwalimu akasema, "Sasa lifunge."

Mkunjo wa kwanza ukakubali. Wa pili ukakubali kwa shida. Wa tatu ukagoma. Ubao ulikuwa umepanda juu ya ubao, na katikati pakabaki pengo la kupitisha ngumi. Nani hapa hajawahi kukunja blanketi? Mara ya kwanza linatii. Mara ya pili linatii. Ukifika ya tatu linavimba mgongoni, ukiliachia linafunguka. Shuka halikufanyii hivyo. Blanketi lina unene.

Binti akasukuma kwa mikono. Halikufunga. Akapanda juu yake, akaweka goti, akakandamiza. Tukasikia, maana tuseme na sisi tulikuwepo, tukasikia turubai lililounganisha mbao likichanika, kisha ubao ukapasuka katikati.

"Mbao hizi mbovu, mwalimu," akasema. "Dukani wamenidanganya."

Mwalimu akaokota kipande, akakigeuza. "Mbao ni nzima. Kule kwenye kompyuta, unene wa ubao uliandika ngapi?"

Binti akainama kuokota vipande vilivyobaki.

"Nakuuliza, mama."

"Sikuandika, mwalimu. Niliacha sifuri."

"Ulisahau?"

"Hapana. Nilipoandika unene wake, lilikataa kufunga. Nilipoweka sifuri likafunga."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilidhani tukifika kwenye mbao litajipenyeza."

Mwalimu akamwambia, "Ungeacha nafasi kwenye kila mkunjo, nafasi ya ubao kupita. Kwenye skrini lisingependeza sana, mistari isingegusana. Lakini lingefunga, na huyu muuguzi angeondoka nalo." Akakiweka kipande chini. "Ubao umeupa sifuri. Na mimi sina zaidi ya hiyo ya kukupa."

Binti alirudia mwaka. Muuguzi aliwasha pikipiki akaondoka mikono mitupu, na kliniki iliyofuata akina mama walikaa juani kama kawaida.

Naona mmemcheka. Mnasema, msomi mzima, anachora ubao usio na unene! Ubao wa namna hiyo umeuona wapi?

Mimi nitakuonyesha. Uko nyumbani kwako.

Nani aliyepanga kwamba dada wa kazi aamke kabla ya wote, alale baada ya wote, na katikati asiwe na kichwa kinachouma? Kwenye mpango wako siku yake inafunga vizuri kabisa. Nani aliyesema wageni waje tu, mama watoto atafanya? Mama watoto ametoka kazini, amepitia sokoni, ana mtoto mwenye homa mgongoni. Umempangia yote hayo, ukamwekea unene wa sifuri. Na sisi akina mama tusijifiche nyuma ya kanga. Ni nani anayempangia mkwe wake? Ni nani anayemwambia binti wa kwanza asome, apike, abebe wadogo zake, na awe wa kwanza darasani?

Halafu anapogoma, tunasemaje? Je, tunasema tumekosea kupanga? Hatusemi. Tunasema huyu mbovu. Ana kiburi. Mbona wenzake wanaweza? Tunamrudishia lawama aliyemlea, kama binti yule alivyolaumu duka.

Na msiniambie hatukujua. Binti yule alijua. Aliandika unene, akaona mpango umekataa, akaufuta. Sisi tunamwona mtu ameshika kiuno, tunamwona anasinzia na mwiko mkononi, na tunageuka tusione, kwa sababu tukiona mpango wetu utavurugika.

Sisemi mtu asikunjwe. Kazi ipo, na lazima ifanywe. Watoto watakula, wagonjwa wataogeshwa. Nasema acha nafasi kwenye mkunjo. Saa moja ya kukaa. Mtu wa pili wa kumsaidia. Mgeni mmoja aambiwe aje wiki ijayo. Mpango hautapendeza sana ukiutazama, lakini hautampasua mtu.

Baada ya ibada tunabaki kugawana kazi za mkutano. Nawajua. Mtu atanyoosha kidole aseme, "Yule dada ataweza, hanaga neno." Kabla hujasema, mtazame kwanza. Na jambo moja zaidi, kisha tuombe. Binti yule alipoona ubao umegoma, alitumia nini? Goti. Tunakwenda kupiga magoti sasa hivi, sote. Ukishainuka, angalia goti hilo hilo unakwenda kumwekea nani mgongoni.