Jezi Moja ya Kamba Stars

Nina fumbo ambalo nimetembea nalo miaka mingi na bado limenishinda. Nimewauliza walimu, nimewauliza mashehe na mapadri, nimewauliza hata makocha wa mpira. Kila mmoja alinijibu haraka, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Leo nawapa ninyi. Msinijibu haraka.

Hapo zamani, zamani ambayo wenyewe baadhi yao bado wapo na wanakula ugali, palikuwa na kiwanda cha kamba mahali paitwapo Kwembogo, katikati ya mashamba ya mkonge. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, Kamba Stars. Timu ilikuwa ya wafanyakazi na familia zao. Meneja alitoa uwanja tu, na kila mwaka alitishia kuuchukua aanikie nyuzi. Mwaka ninaousema alikuwa amemaliza kutishia. Alisema timu ikishuka daraja, uwanja unakuwa wa kuanikia mkonge, basi. Na Kamba Stars walikuwa mkiani mwa ligi ya mkoa.

Katikati ya msimu, kila timu iliruhusiwa kusajili kijana mmoja tu. Sasa, pale Kwembogo kijana hakuchaguliwa na kocha. Zamani kocha mmoja alimsajili mpwa wake, halafu akamsajili rafiki wa mpwa wake, halafu mpwa akaanza kumfundisha kocha nani acheze. Tangu hapo mashabiki walichagua wenyewe. Vijana walicheza mechi ya majaribio. Mechi ikiisha, walisimama katikati ya uwanja, na mashabiki wakapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Mwenye mstari mrefu alivaa jezi. Na wale waliosimama nyuma yake ndio waliomlisha kwa zamu mpaka ligi iishe. Nyumba moja, mstari mmoja. Mume na mke hawakuruhusiwa kugawanyika, kwa sababu sufuria ni moja.

Kwa sheria hiyo, hakuna mtu aliyesimama ovyo. Kwa sheria hiyohiyo, hakuna mtu aliyesimama bila kugombana.

Mwaka ule walibaki vijana watatu. Golikipa aliitwa Gervas Mkomwa, kijana mkubwa wa mwili, aliyeshuka kutoka milimani. Mshambuliaji aliitwa Zuberi Shekalage, aliyezaliwa palepale kwenye nyumba za kiwanda. Kiungo aliitwa Athumani Kivo, naye wa palepale. Wote watatu walikuwa wamefika ukingo wa umri wa kusajiliwa. Asiyevaa jezi siku ile, Jumatatu angepewa kisu cha kukatia mkonge. Na mtu akishaanza kukata mkonge alfajiri mpaka jua kali, jioni miguu yake inataka kunyooshwa tu, haitaki mpira.

Basi, ilikuwa Jumamosi. Upande mmoja walivaa jezi, upande mwingine walibaki vifua wazi. Gervas na Athumani walikuwa upande wa jezi. Zuberi alikuwa upande wa vifua wazi. Mpira ukachezwa, jua likapanda, goli halikupatikana.

Karibu na mwisho, Zuberi akawapita mabeki, akabaki na Gervas. Gervas hakungoja. Alijirusha miguuni pa Zuberi, kichwa mbele. Mpira ukamgonga, goti la Zuberi likampiga kwenye paji la uso, akalala pale pale kama gunia. Mpira ukajiviringisha ukasimama mbele ya Zuberi. Goli tupu. Mwamuzi alikuwa mbali na hakupuliza filimbi.

Zuberi aliangalia goli. Akamwangalia Gervas. Akaupiga mpira nje, akapiga magoti, akamgeuza ubavu, akamfungua mdomo apate hewa.

Uwanja mzima ukapiga makofi. Gervas akaamka. Wakamwambia atoke, akasema, "Nani mwingine anadaka?" Hakukuwa na mwingine. Akarudi golini akiwa na nundu kubwa kama embe bichi.

Mpira ukarushwa. Urushaji ulikuwa wa upande wa jezi, na ninyi mnajua ada ya mchezo: mpira uliotolewa kwa ajili ya majeruhi hurudishwa kwa waliotoa. Mrushaji akampa Athumani aurudishe. Wenzake wakasimama. Wapinzani wakasimama. Athumani akainua mguu kama anayeurudisha, kisha akaugusa pembeni, akapita katikati ya watu waliosimama mikono kiunoni, akafunga.

Filimbi ikalia. Goli. Mechi ikaisha hivyo.

Hapo ndipo mateso ya Mama Namsifu yalipoanza. Huyu Mama Namsifu alikuwa mwenyekiti wa mashabiki. Kiwandani alisimamia mashine za kusokota, kwa hiyo alizoea kusema juu ya kelele. Siku ile kelele zilimshinda.

"Jipangeni," alisema.

Hawakujipanga. Walibishana.

"Golikipa," alisema Semboja, fundi wa mashine, ambaye hakuwahi kukosa mechi wala kukosa maoni. "Tangu mwaka juzi nasema golikipa. Golini kwetu hata upepo unafunga."

"Golikipa anakula," alisema Mwantumu, mkewe. "Umemwona yule? Ukimpa sahani moja atadhani unamwonjesha chumvi."

"Kwa hiyo mchezaji tumchague kwa tumbo?"

"Wewe mchague kwa mdomo. Anayepika ni mimi. Twende kwa Zuberi."

"Siendi kwa Zuberi. Mshambuliaji gani anapewa goli tupu anatoa nje? Hata mimi na hili goti langu ningefunga."

"Ungefunga, tena ungemkanyaga mtoto wa watu ukienda kushangilia."

"Basi twende kwa Athumani."

"Kwa yule mwizi? Sufuria yangu haimwivishii mwizi."

"Baba Kijoli, Mama Kijoli," Mama Namsifu aliwaita Semboja na mkewe kwa jina la mtoto wao, "nyumba moja mstari mmoja. Chagueni, au mkae kivulini mtuachie uwanja."

"Tunachagua, Mama mwenyekiti," walisema wote wawili, wakaendelea kugombana.

Na kila nyumba ilikuwa hivyo. Mume anavuta huku, mke anavuta kule. Mtu anasimama nyuma ya Gervas, anaitwa na mama mkwe wake kutoka nyuma ya Zuberi, anakwenda. Mistari ilikuwa ikirefuka na kufupika kama inayopumua. Mama Namsifu alitazama yote hayo kisha akakaa chini juu ya mpira wenyewe.

"Nimechoka," alisema. "Nyinyi ndio mnatukana makocha kwamba hawajui kuchagua. Haya. Kila kijana aseme neno lake. King'ora cha zamu ya mchana kikilia, mnakimbilia mashine zenu, na nitahesabu mistari kama nitakavyoikuta. Asiyesimama asije kunung'unika kwangu."

Akapanga wazungumze hivi: Athumani kwanza, Zuberi wa pili, Gervas mwisho. Lakini alipomwona Gervas anayumba, akabadili. "Wewe mwenye nundu sema kwanza, mwanangu, ukalale."

Gervas akasema: "Mimi si mtu wa maneno. Mpira ulikuwa unaingia, na haukuingia. Goti nililiona linakuja. Ningeweza kukaa golini nikaruka juu, mkaniita shujaa hata kama ningefungwa. Sikukaa. Mmefungwa sana msimu huu. Mimi nitajitupa hivyo kila mechi. Sina kingine."

Watu wakaitazama ile nundu. Kisha Semboja akasema, "Si niliwaambia?" na mstari wa Gervas ukawa mrefu. Waliokuwa kwa Zuberi walihamia kwa Gervas. Waliokuwa kwa Athumani walihamia kwa Gervas. Mwantumu alivutwa mkono akaenda, akisema atanunua sufuria nyingine.

Mama Namsifu akamwita Athumani. Lakini Gervas, akiwa bado amesimama mbele ya mstari wake, aliinama akatapika. Zuberi akainua mkono. "Mama, naomba niseme mimi sasa. Huyu anatakiwa zahanati, na hakuna anayempeleka. Nikishasema nampeleka."

"Sema, baba, lakini usikawie."

Zuberi akasema: "Timu ya Reli waliniita msimu uliopita, nikakataa, nikawangoja ninyi. Leo goli lilikuwa wazi. Baba Kijoli anasema hata yeye angefunga. Ni kweli, hata mtoto angefunga. Sikushindwa kufunga, niliamua kutofunga. Na lile goli lililofungwa baadaye, mpira ule niliutoa mimi. Kama nisingeutoa, Athumani angefunga nini? Msinichague kwa kunihurumia. Mimi hufunga. Leo tu palikuwa na mtu amelala."

Akamshika Gervas kwapani, wakaondoka taratibu, mmoja akimbeba mwenzake nusu.

Mliokaa hapa mngefanya nini? Wale walilia. Mstari wa Gervas ukavunjika. Waliokuwa kwa Gervas walihamia pale aliposimama Zuberi, ingawa Zuberi mwenyewe hakuwepo, walipanga mstari nyuma ya pumzi yake. Mwantumu alimtazama mumewe, na Semboja akafuata akiburuta miguu.

"Mnahama kama kuku walioona mtama," alisema Mama Namsifu. "Athumani. Maliza."

Athumani hakuwa na haraka. Alisubiri mpaka mwenye kukohoa amalize kukohoa.

"Mnaniita mwizi," alisema. "Sawa. Filimbi ililia kabla sijafunga?"

Watu wakamgeukia mwamuzi.

"Nauliza tu. Ililia?"

"Haikulia," alisema Semboja. "Lakini ipo adabu, kijana."

"Adabu ipo, Baba Kijoli. Msimu huu mmerudisha mipira mingapi kwa adabu? Waliorudishiwa wako juu, ninyi mko chini. Mkitaka mkwe mwema, Zuberi yule pale njiani, na mimi mwenyewe ningempa dada yangu. Mkitaka mtu wa kuwafia golini, Gervas yupo, kama hatakufa kweli. Lakini meneja hataki mkwe. Meneja anataka aone pointi, au aanike mkonge hapa mliposimama. Mimi nimewaonyesha goli. Limeandikwa."

"Goli la aibu," alisema Mwantumu.

"Mama Kijoli, shikamoo. Mimi niliwasikia. Nilipofunga, uwanja huu ulipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Mlishangilia kwanza, mkaona haya baadaye. Nani kati yenu hakushangilia? Asimame huku mbele niombe radhi kwake peke yake."

Hakuna aliyesogea mbele. Mtu mmoja alicheka, kisha wengine wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Mstari wa Zuberi ukaanza kulegea mwishoni. Athumani akaendelea. Alieleza mechi iliyofuata, nani atamkaba nani. Alieleza beki wa Reli anayependa kulalamika na jinsi ya kumfanya alalamike mpaka asahau mpira. Alieleza polepole, na kila alipomaliza jambo alianza lingine, na kila jambo lilivuta nyumba mbili tatu.

"Maliza," alisema Mama Namsifu.

"Namaliza, mama."

Hakumaliza. King'ora kikalia.

Je, alikijua? Sijui. Kila aliyezaliwa kwenye nyumba zile aliujua muda wa king'ora kama anavyoijua sauti ya mama yake. Lakini mtu anaweza pia kuwa na mengi ya kusema. Sikuwahi kumwuliza, na hata ningemwuliza, nisingejua kama jibu lake ni kweli.

Mama Namsifu akainuka kutoka kwenye mpira, akatazama. Mstari wa Athumani ulikuwa mrefu. Semboja na Mwantumu walikuwa humo, wameshikana mikono, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemvuta. Kule nyuma ya nafasi ya Zuberi walibaki wachache. Nyuma ya nafasi ya Gervas alibaki bibi mmoja kiziwi aliyesimama pale tangu mistari ianze na hakuwahi kuhama.

"Turudie Jumatatu," mtu alisema. "Wale wawili hawapo."

"Hapana," alisema Mama Namsifu. "Jina linaondoka na lori la kamba leo kwenda kwa wasajili wa ligi mkoani. Na ninyi mkirudia Jumatatu mtahama tena Jumatatu. Mmechagua. Nendeni kwenye mashine."

Wakaenda, wakikimbia, wengine wakiulizana njiani walisimama kwa nani.

Basi iliamuliwa hivyo. Na aliyeitekeleza alikuwa Mama Namsifu mwenyewe, ambaye hakusimama mstari wowote. Alimvalisha Athumani jezi kwa mikono yake, akamnyoosha kola. Athumani akasema, "Ahsante, mama. Nani atakwenda zahanati kuwaambia?"

"Wewe."

"Na jezi hii?"

"Na jezi hiyo."

Athumani aliigusa ile kola. Kisha akaenda. Mama Namsifu alimtazama mpaka alipopinda kona ya zahanati, na mpaka anapinda alikuwa hajaivua jezi.

Msimu ule Kamba Stars hawakushuka daraja. Jumatatu Zuberi alishika kisu cha mkonge. Gervas alishika chake wiki mbili baadaye, nundu ilipokwisha.

Haya. Mmoja alikizuia kilichokuwa kinaingia. Mmoja alikitoa kilichokuwa chake. Mmoja alikichukua kilichoachwa na wote, na wote wakashangilia. Ninyi mlioketi hapa, mkiwa nyumba moja mstari mmoja, mkijua kwamba mtakayemchagua mtamlisha kwa mikono yenu: jezi ile ilikuwa ya nani?