Vikombe vya Syombua

Kukataa chai si kukataa nyumba. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno hayo, nanyi mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Haya, sogezeni mkeka kivulini. Methali hii ilianza hivi.

Kabla hakujapambazuka, njiti ya kiberiti ilikwaruza mara tatu ndipo ikashika. Mzee Barasa aliisikia akiwa bado kitandani. Mwenzake, Mzee Mukendi, alikuwa akiwasha jiko ili wapike uji. Msidhani hao walikuwa wazee wa mikongojo. Mmoja alikuwa na miaka ishirini, mwingine kumi na tisa. Walikuwa wamisionari wa kanisa ambalo watu wengi huliita la Wamormoni, na huko kijana akitumwa kuhubiri huitwa Mzee hata kama kidevu chake ni laini kama cha mtoto. Barasa alikuwa mtu wa Bungoma, Mukendi alitoka Lubumbashi. Kwa miaka miwili kazi yao ilikuwa kutembea wawili wawili, nyumba hadi nyumba, na mwaka ule walipangiwa kijiji cha Ngwatini, Ukambani. Miezi mitano ilikuwa imepita. Watu waliwaitikia salamu vizuri, kisha wakakumbuka kwamba wana mbuzi wa kufunga.

Asubuhi hiyo, mjane mmoja aitwaye Syombua aliwaona wakipita juani, akawaita mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuwaita. Aliwawekea viti viwili uani, akavisugua kwa kanga yake, akachemsha chai kwa maziwa yote aliyokuwa nayo siku hiyo. Akaleta vikombe viwili vyenye maua, vile mtu anavyoweka kabatini kwa ajili ya wageni wa maana.

Barasa alikuwa ameahidi, siku aliyobatizwa, kwamba hatakunywa chai wala kahawa. Ndivyo ilivyo katika kanisa lao. Lakini alikuwa kijana, na ulimi wa kijana hutangulia adabu. Syombua alipoinamisha birika, Barasa aliweka kiganja juu ya kikombe.

"Hapana, Susu, sisi hatunywi."

Susu ni bibi kwa Kikamba. Neno hilo zuri alilijua. La kushukuru alilisahau.

Njiani walikuwa wakipita wanawake na punda wao wa maji. Wakasimama, wakatazama. Syombua naye akawatazama. Kisha akavichukua vikombe vyake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Vijana hawakufika mbali. Mwanamke mmoja wa wale wenye punda, jina lake Mbithe, aliwafuata akicheka.

"Nyinyi wazee msio na ndevu, kumbe mna akili! Nani aliwaambia?"

"Atuambie nini, mama?" Barasa akauliza.

"Habari za chai ya Syombua! Mumewe aliinywa asubuhi, adhuhuri akawa maiti. Huu ni mwaka wa nne, hakuna mdomo uliogusa kitu cha nyumba ile."

"Na hospitali walisema nini?"

"Walisema ni moyo. Lakini daktari hakai hapa, mwanangu. Sisi ndio tunaokaa hapa."

Barasa akageuka kuutazama ule ua. Akaona tena vile viti vilivyosuguliwa. Mama yule alikuwa amengoja wageni wasiojua uvumi huo, akawapata, nao wakakithibitishia kijiji kizima kwamba nyumba yake ni ya kuogopwa.

"Turudi tukanywe," Mukendi akasema. "Kikombe kimoja tu. Mungu anaona moyo."

Barasa alitamani sana kukubali. Walipofika kwenye kona ya barabara, akasema: "Nikivunja ahadi yangu leo, kesho nitamwomba nani ashike yake? Lakini hatuwezi kumwacha hivi. Nimemjeruhi, Mukendi."

Basi kila siku, kabla ya kwenda kwingine, walipitia kwa Syombua na kubisha hodi.

"Susu, ni Barasa. Nilikosea kusema. Hata chai ya mama yangu mzazi sinywi."

Mlango haukufunguliwa. Siku ya nne sauti ilitoka ndani: "Nendeni mkamwambie huyo mama yenu." Siku ya tisa maji ya vyombo yalirushwa dirishani yakaangukia viatu vyao.

"Angalau leo tumenawishwa miguu," Mukendi akasema, na Barasa akacheka huku macho yamemlowa.

Aliomba kwa Mungu apewe maneno. Asubuhi na jioni aliomba. Hakupewa maneno. Siku ya kumi na nne, adhuhuri, wakiwa wamesimama pale mlangoni, kilichomjia kilikuwa harufu. Muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharagwe, ulikuwa ukitokota ndani.

"Susu," akasema, "leo sikuja kuhubiri. Nina njaa. Naomba chakula."

Mlango ulifunguka kiasi cha upana wa kiganja.

"Chakula changu?"

"Chako, Susu."

"Hujaambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na bado unaomba?"

"Nilikataa chai tu, Susu. Nyumba yako sikuikataa."

Syombua akaufungua mlango wote. "Ingieni ndani basi, msije mkaonekana."

"Hapana," Barasa akasema. "Tuweke uani, tuonekane."

Wakakaa wakielekea njia. Barasa alishukuru kwanza, safari hii hakusahau, kisha akala. Alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili. Wanawake wa maji wakapita, na Mbithe akawasimamisha punda wake.

"Mnakula?"

"Tunakula, mama. Karibu."

"Kama huji, usimkatishe mwenzangu," Mukendi akasema. "Sufuria yenyewe si kubwa."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, kisha mwingine. Mbithe hakucheka, wala siku hiyo hakuingia. Alisimama tu, punda wakitafuna majani ya ua, mpaka vijana wakamaliza, wakainuka kwa miguu yao wenyewe, wakajinyoosha, wakaaga.

Syombua hakujiunga na kanisa lao, wajukuu zangu, wala Barasa hakumdai hilo. Lakini juma lililofuata Mbithe alikuja kuomba chumvi, akaonja mboga iliyokuwa jikoni, akasema imekolea.

Siku ile ya muthokoi, Syombua aliwasindikiza vijana hadi njiani. Walipokuwa wamekwenda hatua chache, alipaza sauti ili wote wenye punda wamsikie:

"Rudini kesho! Chai yangu msinywe, lakini rudini! Kukataa chai si kukataa nyumba!"