Sikio la Waya

Sikio la waya halina mdomo. Ndivyo mama yenu alivyomwambia kaka yenu Lusajo asubuhi ya leo, naye Lusajo akacheka, akauliza waya umepata sikio tangu lini. Jana mteja alimwachia simu pale kibandani kwake stendi ili abadilishe kioo, na humo ndani Lusajo akaona ujumbe unaomhusu mmoja wa wagombea udiwani. Sasa vijana wenzake wanamsihi aupige picha, autupe kwenye kundi la kata, watu wajue. Na wewe Ikupa nimekusikia ukisema asiye na kosa hana cha kuficha. Haya. Mmeniuliza methali hii ilitoka wapi, na mvua yenyewe haitaki kuacha, basi sogeeni, wajukuu zangu. Msidhani ni ya wahenga wa kale. Ilizaliwa hapahapa Isangilo, ndani ya chumba chenye upana wa vitanda viwili, na mimi nilikuwamo.

Ilivyoanza ni hivi.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa posta, nauza stempu dirishani. Nyuma yangu kulikuwa na chumba cha simu, na ndani yake swichibodi, ubao mkubwa uliosimama wima, umejaa matundu, kila tundu na namba yake. Mji mzima ulikuwa na simu arobaini na mbili. Ukitaka kuzungumza na mtu unanyanyua mkonga nyumbani, na pale ubaoni kibao kidogo cha shaba kinaanguka chini ya namba yako, ta! Opereta anachomeka waya, anakuuliza, "Namba, tafadhali?" kisha anachomeka waya wa pili huko unakotaka. Bila yeye hakuna neno lililopita.

Nyinyi simu mmezaliwa mkaikuta. Sisi ilitushangaza. Nilimwona bibi mmoja aliyeletwa kuzungumza na mwanawe aliyekuwa machimboni ng'ambo ya mpaka. Alipomaliza, aliupapasa mkonga kama anayepima joto la mtoto, akaniuliza, "Pumzi yake imepitaje humu?" Wanaume wazima walivua kofia kabla ya kusema halo.

Opereta alikuwa Subilaga Kabuje, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mshonaji mzuri, asiye na haraka. Sisi wa ofisini tulimwita Dada Subilaga. Siku ya kuajiriwa alikula kiapo cha kutunza siri kama sisi sote, ila mimi kiapo changu kilikuwa cha barua zilizofungwa kwa gundi. Chake kilikuwa cha sauti za watu. Hakuwa na namna ya kutosikia. Ilimbidi asikilize kidogo ajue kama laini imeshika, na katika hicho kidogo daktari anataja ugonjwa, mchungaji anamlilia kaka yake, mume anaongea na nyumba ndogo. Miaka kumi na moja. Kisha Jumamosi anachukua kikapu anakwenda sokoni, anasalimiana na watu walewale, anachagua maharage. Hakuna aliyewahi kuona jicho lake likimkaa mtu kwa namna ya kusema, "Nakujua wewe."

Wakati huo mwenye nguvu mjini alikuwa Bwana Mwaikenda, mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Isangilo. Ofisi ni nyingi lakini neno lilikuwa lake. Kamati yake ikatangaza kwamba kaya thelathini na moja za mteremko wa Kasyabo zitahama kupisha shamba la mfano. Siku moja shangazi yangu aliamka akakuta vigingi vimepigwa katikati ya migomba yake, kimoja kando ya kaburi la mumewe. Na shemeji wa mwenyekiti alikuwa ameanza kujigamba kilabuni jinsi watakavyogawana mteremko ule, yeye na wenzake, mfano ukishasahaulika. Waliouliza maswali waliitwa wapinga maendeleo. Wawili walilala mahabusu.

Jumatatu moja, saa saba mchana, mkuu wetu wa posta, Bwana Sigalla, alikwenda kula kama kawaida yake. Nikafunga dirisha, nikatoka hadi kwenye kibanda cha simu ya watu wote pale barazani, ambacho saa za chakula hufungwa na ufunguo hubaki kwangu. Nikaweka kitambaa mdomoni, nikanyanyua mkonga.

"Namba, tafadhali?"

Nikaibana sauti. Nikaomba gazeti moja la Dar es Salaam.

"Subiri kidogo," akasema, na laini ikashika. Nilieleza yote: vigingi, kaburi, shemeji, majina. Dakika sita. Nikarudi dirishani, stempu zikanigandia vidoleni. Dada Subilaga alitoka chumbani kwake saa nane, akaniomba chumvi ya kula na hindi lake. Basi. Chumvi.

Alhamisi habari ikatoka. Ijumaa saa tisa alasiri Bwana Mwaikenda akaingia posta. Hakupanga foleni. Alipita kaunta, akaingia moja kwa moja chumba cha simu, Bwana Sigalla nyuma yake anafuta jasho. Mimi nilikuwa mlangoni na mafungu ya barua za kupanga, nikabaki hapohapo.

"Bi Subilaga," mwenyekiti akaanza, kwa upole kabisa. "Kuna mtu amepiga simu gazetini kuchafua mji wetu. Simu zote zinapita kwako. Ni nani?"

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Ni nani?"

"Waya hauniletei majina, Mwenyekiti. Unaniletea namba."

"Vizuri. Sitaki hata alichosema, kimeshaandikwa. Nipe zile karatasi zako tu. Namba iliyopiga, siku na saa."

Wajukuu zangu, hapo ndipo nilipokufa nikiwa nimesimama. Kila simu ya mbali iliandikwa kwenye kikaratasi: imetokea wapi, imekwenda wapi, saa ngapi. Kikaratasi cha Jumatatu kingesema kibanda cha posta, saa saba na dakika kumi. Na saa saba na dakika kumi posta ile alikuwapo mwanamume mmoja tu, mwenye ufunguo wa kibanda. Hawakuhitaji sauti yangu. Saa peke yake ingetosha kunifunga.

Bwana Sigalla akakohoa. "Dada Subilaga, mpe. Ni karatasi tu."

"Karatasi hizi zinakwenda makao makuu, Mkuu. Niliapa mbele yako. Wewe ndiye uliyenishikisha kitabu."

"Asiye na hatia anaficha nini?" mwenyekiti akauliza. Ule upole ulikuwa unapungua. "Mtu mwema hata simu yake ikisomwa sokoni, hajali."

Dada Subilaga akaigeukia meza yake. Akavuta droo, akatoa vikaratasi vyote vya wiki ile, na kwa dakika nzima nikaamini anampa. Akavitia kwenye mfuko wa turubai wa kwenda makao makuu. Akafunga kamba. Akawasha mshumaa, akayeyusha lakiri, ikadondoka nyekundu juu ya fundo, akagandamiza muhuri wa posta. Mkono wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayetia uzi kwenye sindano.

"Sasa huu ni mfuko wa posta uliofungwa," akasema. "Kuna sheria yake. Atakayeuvunja, auvunje kwa mkono wake mwenyewe. Sitamshika."

Bwana Mwaikenda akaweka mkono juu ya mfuko. Nikaona vidole vyake vinaizunguka lakiri, bado ina joto.

Ta!

Kibao kikaanguka ubaoni. Namba kumi na nne.

Sote tulizijua namba za wakubwa. Kumi na nne ilikuwa nyumbani kwa Bwana Mwaikenda. Naye alikuwa pale mbele yetu, kwa hiyo aliyenyanyua mkonga kule alikuwa mke wake.

Dada Subilaga akamgeuzia mwenyekiti mgongo, kana kwamba chumba hakina mtu. Akavaa vifaa vyake vya masikioni, akachomeka waya. "Namba, tafadhali?" Akasikiliza. Akachukua waya wa pili, akauchomeka kwenye laini ya mbali, akangoja mpaka upande wa pili ukaitika. Kisha akavivua vile vifaa, akavilaza mezani. Akaandika kikaratasi, akakigeuza kichwa chini.

"Hiyo ni nyumbani kwangu," akasema Bwana Mwaikenda.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Anazungumza na nani?"

Dada Subilaga akaweka kalamu yake chini. Mwenyekiti akakitazama kikaratasi kilichogeuzwa, akazitazama zile nyaya mbili ubaoni.

"Bibi, ni mke wangu wa ndoa. Nina haki ya kujua. Anazungumza na nani saa hizi?"

Ndipo akajibu, taratibu, bila kiburi, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni:

"Sikio la waya halina mdomo, Mwenyekiti."

Taa ndogo ya ubaoni, inayoonyesha laini ina watu, ikaendelea kuwaka. Mke wake alikuwa anasema jambo, wapi, kwa nani, hatukujua, na anayejua alikuwa amekaa mbele yetu na mikono yake mapajani. Nilimwona Bwana Mwaikenda akibadilika uso. Aliinua macho, akautazama ubao wote, kutoka tundu la kwanza mpaka la arobaini na mbili, kama mtu aliyeamka akajikuta ukingoni mwa bonde.

"Na mimi," akauliza kwa sauti ya chini, "mimi ninapopiga?"

"Vilevile."

"Akija mtu kama mimi? Mwenye cheo kuliko mimi?"

"Vilevile, Mwenyekiti."

Akaondoa mkono kwenye mfuko. Lakiri ilikuwa imemwachia doa jekundu kidoleni. Akatoka bila kumuaga mtu, na Bwana Sigalla akamfuata. Mimi nikabaki mlangoni. Nilifanya kazi hatua nne kutoka kwa mwanamke yule miaka yote hiyo, nikidhani anachomeka nyaya. Siku ile nikauona mji mzima ukiwa umekaa ndani yake, ndoa zetu, magonjwa yetu, hofu zetu, na yeye ameubeba bila hata mmoja wetu kumwagika. Nilitaka kupiga magoti. Yeye akaniambia, "Asegelile, barua zako zinaanguka."

Msidhani alituzwa. Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya uhamisho: aende kituo kidogo kule ziwani kupanga vifurushi. Hakulalamika. Siku ya kuondoka nilimsaidia kupandisha vitu kwenye lori. Nikasema, "Dada, ile Jumatatu, saa saba..."

"Asegelile," akanikata, "shika huo mguu wa cherehani, utavunjika."

Nikashika. Lori likaondoka. Na mimi, sitawaficha, niliendelea kunyamaza na kula mshahara wangu, mtu mwingine akilipa kwa ajili yangu. Wachunguzi walikuja kutoka juu, wakasoma gazeti, wakapanda Kasyabo, wakaviona vigingi na makaburi. Kaya zikabaki. Shangazi yangu akazikwa kwenye migomba ile ile, kando ya mumewe, kama alivyotaka. Kamati ikavunjwa, Bwana Mwaikenda akarudi kuwa mkulima kama sisi. Baada ya miaka mitatu Dada Subilaga akarudishwa ubaoni, akakaa kwenye kiti chake. "Namba, tafadhali?" Sauti ileile.

Alistaafu ilipoletwa mitambo mipya ya kujiunganisha yenyewe. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakajaa hadi madirishani. Walipoomba mwenye neno, nilisimama. Nilikuwa nimelibeba miaka kumi na tisa. Nikawaeleza yote: kitambaa mdomoni, kikaratasi, lakiri, kibao cha kumi na nne, na maneno aliyosema. Nikawaambia aliyepiga simu ile nilikuwa mimi, na Dada Subilaga alihamishwa kwa ajili yangu.

Kule nyuma mzee mmoja akainuka kwa shida. Alikuwa Bwana Mwaikenda. Nikadhani amekuja kunitukana, na ningestahili.

Mimi hata hakunitazama. "Bi Subilaga," akasema, "nilikuuliza mara moja, ukanikatalia. Leo nauliza kama mtu wa kawaida. Sina cheo tena, na mwenyewe ameshakiri mbele ya watu. Ni kweli alikuwa huyu?"

Watu wote wakamgeukia Dada Subilaga. Alikuwa amekaa mezani na shada la maua shingoni, ameweka mikono mapajani. Uso wake, nawaapia, ulikuwa uso wa mtu anayeisikia habari ile kwa mara ya kwanza.

"Maneno ni yake," akasema. "Muulizeni yeye."

"Lakini ameshasema!" akasema Bwana Mwaikenda.

"Basi mmeshasikia kwa mwenyewe."

Hata hapo! Hata mlango ulipofunguliwa na mwenye nyumba, yeye hakuingia. Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja, kama watu walioona mlima ukisogea. Bwana Mwaikenda akatikisa kichwa polepole, machozi yakimteremka. Kisha akatugeukia sisi, akayasema yale maneno kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama nje, na tangu siku ile Isangilo nzima haikuacha kuyasema:

"Sikio la waya halina mdomo."