Chumba cha Mbele cha Bi Mwantumu

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni hii ya juzijuzi, bomba limeshafika uani ila maji yanatoka yakijisikia, palikuwa na nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba alikuwa Bi Mwantumu. Sikilizeni vizuri. Mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Nyumba ile ilikuwa na choo kimoja, na choo kile kilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa pua ya Bi Mwantumu. Aliyemaliza zamu yake ya usafi alimwita. Bi Mwantumu aliingia, akausindika mlango ili upepo wa uani usimdanganye, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Choo kikinuka dawa, kimeoshwa. Kisiponuka kitu, hakijaoshwa, hata kama umekisugua mpaka sakafu inakuonyesha uso wako. Wapangaji walizoea. Dukani hawakuuliza dawa inaua vijidudu gani, waliuliza inanuka kiasi gani.

Siku moja Bi Mwantumu akatangaza. Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa la barabarani, kile cha marehemu dada yake, atampa mpangaji mmoja akae bure maisha yake yote. Atakayeacha choo safi kuliko wenzake siku ya kuamkia Idi, ndiye.

Watu watatu walikitaka kweli. Fundi Kilimba, mshonaji, macho yalikuwa yanamwishia, na chumbani kwake hapakuwa na mwanga wa kutosha kutunga uzi. Hosiana alilala kitanda kimoja na wanawe wote, chini ya bati linalovuja. Zamda alitengeneza sabuni ya maji ya kuuza, akaikorogea humohumo anamolala, pipa kichwani, mtoto miguuni, na mtoto yule alikuwa anakohoa tangu kiangazi. Siwacheki. Ningekuwa mimi ningekitaka pia, na pengine ningefanya mabaya zaidi.

Siku ikafika. Kwanza aliingia Fundi Kilimba. Akasugua kwa sabuni na brashi, akasuuza, kazi safi kabisa. Akafukiza ubani. Kisha akaona harufu inatoka dirishani, ikamuuma roho. Akachukua gunia, akaliziba dirisha.

Bi Mwantumu alipokwisha kunusa cha Fundi, aliingia Hosiana. Kuta safi, sakafu safi, ila tundu lilikuwa na madoa ya njano. Akamwaga dawa ya choo, ile kali inayokula madoa, akaiacha ilale kama maandishi ya chupa yanavyoagiza. Chupa yenyewe alikuwa ameiviringisha gazeti, wenzake wasijue anatumia dawa gani. Hakumwambia mtu. Akaenda kupika, akirudi asuuze ndipo amwite mwenye nyumba.

Hosiana alipotoka, Zamda akadhani amemaliza, akaingia. Akanusa, akaona haitoshi. Alikuja na dawa ya madoa, ya kung'arishia mashuka meupe, ameitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu Zamda kila kitu chake alikitia kwenye chupa za maji ya kunywa. Chupa ni chupa. Akaimwaga palepale tunduni, juu ya dawa ya Hosiana. Ikachemka. Ikamng'ata macho, ikamkaba koo. Zamda akafurahi, akajua imekolea. Akatoka, chupa akaiweka mlangoni, akaenda kumwita mwenye nyumba.

Bi Mwantumu akaingia, akausindika mlango, akavuta pumzi.

"Hiki sasa ndicho choo," wakamsikia akisema.

Kisha wakamsikia akikohoa. Kisha ndoo ikaanguka, na mtu akaanguka juu ya ndoo.

Hosiana alikuja mbio kutoka jikoni, harufu ikampata uani. Akamtazama Zamda. "Umemwaga dawa ya mashuka juu ya dawa yangu? Zile hazichanganywi, zinatoa hewa ya kuua. Msiingie."

Zamda akaingia. Alijiziba pua kwa kanga, akamshika Bi Mwantumu kwapani, akavuta. Katikati akakwama, hawezi kuvuta tena. Fundi Kilimba alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba, akaling'oa gunia kwa nje. Upepo ukapita. Zamda akapata nguvu, wakatoka wote wawili.

Bi Mwantumu akalala chini ya kamba ya nguo, midomo imepauka. Fundi akaona chupa ya maji pale mlangoni. Akaifungua, akamwinua mama wa watu kichwa, akaisogeza mdomoni. Hosiana akaipiga teke. Ikamwagikia suruali ya Fundi, suruali nyeusi ya sikukuu, nao wakasimama wakiitazama inavyogeuka rangi.

Bi Mwantumu alilazwa hospitali, akarudi Idi imeshapita. Akakaa barazani, sauti imekwaruza, ufunguo wa chumba cha mbele mapajani. Akawaambia waseme nani aliyemwokoa.

"Mama, mimi ndiye niliyeingia," alisema Zamda. "Huyu alikuwa anapiga kelele, yule simwoni. Nimekuburuta kwa mikono hii."

"Bila hewa yangu tungewazika wawili," alisema Fundi Kilimba.

"Mimi nilijua ni sumu, nikasema," alisema Hosiana. "Na ile chupa ingefika tumboni, kuburutwa na hewa vingekusaidia nini?"

Hapo wakaanza kuumbuana. Nani alimwaga, nani akatia sumu kwenye chupa ya maji? Nani alificha dawa gazetini, akaenda kupika kimya? Nani aliziba dirisha, akataka kumnywesha mgonjwa dawa ya mashuka? Kila mmoja aliambiwa lake, na kila moja lilikuwa kweli.

Bi Mwantumu akawanyamazisha kwa mkono.

"Nimeahidi, nami natimiza," alisema. "Ya choo tuyaache, aliyeniokoa ndiye atachukua chumba. Lakini aliyetaka kuniua atahama leo, kwa sababu naogopa kulala naye nyumba moja. Kweli naogopa."

Akamtazama Zamda, akaunyoosha ufunguo, akaurudisha. Akamtazama Hosiana vilevile. Akamtazama Fundi vilevile. Kila alipompata wa kumpa ufunguo, ndiye huyohuyo aliyempata wa kumfukuza. Uani mtoto wa Zamda akakohoa, na Zamda hakugeuka, alikuwa anautazama ufunguo.

Basi, wasikilizaji, ufunguo bado uko mapajani. Asiniambie mtu kwamba ahame mwenye pua yake. Nyumba ni yake, ingawa nami nimeliwaza hilo. Nipeni majina. Je, nani alistahili chumba, na nani alistahili kufunga virago? Na kama mmenipa jina moja mara mbili, kesho asubuhi mtu huyo aamke wapi?