Shambe na Sababu ya Jeraha Kuvimba

Mguu kavimba mwenzenu, swali naulizwa mimi, kana kwamba huo mwiba niliuchonga. Haya, kaeni. Sitarudia, na mwenye kutaka kulia akalie nje.

Zamani jeraha halikuvimba wala halikuwaka moto. Ndani ya mwili wa Bi Mize, mwanamke mlimaji, Damu aliwalea wanawe wawili. Shambe, mkubwa, kazi yake ilikuwa kumkamata mdudu yeyote aliyeingia na kumpaka chokaa. Kitete, mdogo, alipita taratibu akiwaita Walaji waje kumla mdudu huyo. Walaji walikuwa na nguvu ila macho mabovu. Wasichokiona cheupe hawakili. Wakishashiba, walimshukuru Kitete aliyewaita. Jambo hilo lilimkaa Shambe kooni. "Mikono inachubuka yangu, sifa anazoa mwenye mdomo," alinung'unika.

Siku moja mwiba ukamchoma Bi Mize unyayoni, wadudu wakaingia. Shambe akawadaka wawili, watatu, akawapaka, akanyamaza. Alitaka Walaji waje wenyewe, wamkute peke yake na mawindo yake.

Kitete akapita. "Kaka, mbona umetapakaa chokaa?"

"Napaka ukuta. Kalale, bwana mdogo, leo hatukuhitaji."

Kitete akaenda kulala. Wadudu wakazaana. Shambe ana mikono miwili, wao maelfu. Alipojaribu kuita, sauti yake haikufika hata kifundoni. Kuita hakuwahi kujifunza. Wadudu wakamkuta Kitete usingizini, wakammaliza. Mguu ukaoza kimya, bila uvimbe, bila maumivu, na Bi Mize akaendelea kulima. Siku ya saba alianguka kwenye matuta, hakuinuka.

Damu, ambaye pamoja na Shambe hupita pia katika watoto wa Bi Mize, hakumpiga Shambe wala hakumtukana. Alimuuliza tu, "Sasa nani ataita?" Damu akachukua kisu, akampasua.

Na tangu siku hiyo, mdudu akiingia, Shambe hupasuka vipande viwili. Kimoja humng'ang'ania mdudu na kuliwa pamoja naye. Cha pili hakina miguu ya kwenda kubisha hodi, basi hupiga kelele papo hapo mpaka nyama ivimbe na kuwaka moto, ndipo Walaji huja. Hakuna amshukuruye, mwenye jeraha humlaani. Kisha nacho hufa, na Damu huzaa Shambe mwingine, anayezaliwa akijua atapasuliwa.