Kindi na Mabaka ya Petunia za Nyati

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa wakipanda maua mbele ya nyumba zao, Nyati alikuwa na petunia nyingi kuliko wote. Jirani yake Kindi alikuwa na tuta moja tu.

Mwaka mmoja majani ya Nyati yakatoka mabaka. Ya Kindi nayo yakaugua. Bila kuuliza wala kukagua, Nyati akaja, gu, gu, gu, mpaka mlangoni kwa Kindi.

"Wewe kijitu ndiwe uliyeniambukizia maua. Ng'oa maua yako, fungasha, uhame na watoto wako."

"Shikamoo kwanza, Mzee Nyati," Kindi akasema kwa hasira. "Umeangalia majani, au umeangalia udogo wangu?"

"Mabaka ni mabaka."

"Siyo. Yako ni ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka. Yangu ni ya manjano makali. Twende kwa Bi Korongo."

Korongo alikuwa na hadubini. Akakata vipande vyembamba vya majani yote mawili, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni virusi vya ukoo mmoja, lakini aina mbili," akasema. "Ndani ya seli za Nyati vimejipanga vikawa fuwele bapa za pembe sita. Ndani ya seli za Kindi ni mabonge yasiyo na umbo, kama matambara yaliyokunjwakunjwa."

"Mimi sijali matambara. Mchafu ni huyu."

Nyati aliyasema hayo huku akisokota jani la tumbaku viganjani, kisha akalitia mdomoni. Kindi akaiona mikono ile. Akameza hasira, akalegeza sauti.

"Labda kweli mimi nina mkosi, mzee. Mkono wenye nguvu kama wako lazima unastawisha mche. Hebu msugulie Bi Korongo mche wake huu wa petunia, ni mzima."

Nyati akavimba kifua. Shwa, shwa, akasugua majani yote. "Mtauona utakavyonenepa."

Korongo akaufunika mche kwa chandarua, na hakuna aliyeugusa tena. Siku ya kumi wakarudi. Majani yalikuwa na mabaka ya kijani, yaleyale ya kwa Nyati. Korongo akaweka kipande kwenye hadubini.

"Tazama mwenyewe. Hesabu pembe."

"Moja, mbili, tatu..." Alipofika sita Nyati akaiacha hadubini.

"Virusi hivi vimo kwenye tumbaku yako," Korongo akasema. "Unavisokota, halafu unayapaka maua yako kila asubuhi."

"Na mimi siku kumi sikulala, nikiwaza watoto wangu watalala wapi," Kindi akasema. "Tuta langu ni gonjwa, sikatai, na nitaling'oa mwenyewe. Lakini ugonjwa wako usinibandike mimi. Kanawe mikono, mzee. Kwa sabuni."

Nyati akanawa mbele ya majirani wote, kichwa chini, kisha akaenda kung'oa petunia zake, shina baada ya shina.

Basi, watoto, anayetaka kumtwika mwenzake lawama, kwanza aikague mikono yake.